Mavazi ya misafara ya Ugogo: namna ya kushona nguo na kofia za karne ya 19 kwa ajili ya maigizo

Ukitaka kujua kama vazi la maigizo ya kihistoria limeshonwa na mtu anayeijua kazi yake, acha kwanza rangi na shanga, utazame upana wa kitambaa. Nguo zilizopita Ugogo mabegani mwa wapagazi kati ya miaka ya 1850 na 1880 zilikuwa na upana wa karibu yadi moja, yaani sentimita 91. Vitambaa vingi vya dukani leo vina sentimita 115 au 150. Fundi akiutumia upana huo wote, shuka la kufungwa begani linaburuzika chini badala ya kuishia gotini, kanzu inapoteza maungio yake ya ubavuni, na kilemba kinavimba hadi kufunika masikio. Mtazamaji huenda asiweze kutaja kilichoharibika, ila anaona kwamba waliosimama mbele yake wamevaa nguo za leo.

Kwa hiyo kazi ianzie kwenye vipimo vya biashara ya wakati ule. Mkono mmoja, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, ulihesabiwa kuwa nusu yadi. Mikono minne ilifanya shuka moja, yadi 2, ambazo ni sentimita 183. Shuka mbili zilifanya doti, yadi 4, mita 3.66. Gora, yaani jora zima, la kitambaa cha pamba cha merikani lilikuwa na yadi 30 hivi, sawa na doti saba na nusu. Hongo, yaani ushuru wa njia, waliyotoza watemi wa Kigogo kwa misafara iliyohitaji maji na chakula katika nchi hii kavu ilihesabiwa kwa doti, na posho ya njiani ilitoka humo humo. Nguo ilikuwa fedha. Shuka zima liliweza kununua mtama kijiji kinachofuata, lakini vipande vilivyokatwakatwa visingenunua kitu. Ndiyo sababu mavazi mengi ya msafara yalikatwa kidogo sana, na hata yale yaliyoshonwa, kama kanzu, yalipangwa ili makombo yasibaki. Ukilielewa hilo, nusu ya maamuzi ya kushona yanajiamua yenyewe.

Chagua mwaka kabla ya kushika mkasi

Neno "zamani" halitoshi kushonea nguo. Merikani, kitambaa cha pamba kisichopaushwa kutoka viwanda vya Massachusetts, kilienea Zanzibar kuanzia miaka ya 1830, wakati wafanyabiashara wa Salem walipoimarisha biashara yao pale. Marekani iliweka konseli wake Zanzibar mwaka 1837. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilipunguza sana kitambaa hicho sokoni, na nafasi yake ikaanza kuchukuliwa na vitambaa vya Uingereza na India. Kwa macho ya jukwaani tofauti hizo hazionekani, kwa hiyo merikani inafaa kwa igizo la safari ya wapelelezi Burton na Speke ya 1857, kwa ile ya Stanley ya 1871, na kwa lile la watu waliobeba mwili wa Livingstone hadi Bagamoyo, walikofika Februari 1874.

Kinachoonekana mara moja ni kanga. Kanga ilizaliwa pwani katika robo ya mwisho ya karne ya 19, na maandishi yake yalikuja baadaye. Mwanamke wa msafara wa 1871 aliyevaa kanga yenye methali kwa herufi za Kirumi amevaa nguo ya wajukuu zake. Mvike kaniki au merikani. Shuka jekundu la mirabamiraba ambalo leo vikundi vingi vya ngoma hulivaa nalo ni la karne ya 20, na likiwa la nyuzi za kiwandani linang'aa vibaya chini ya taa. Liache kwa maigizo ya nyakati za karibu.

Kununua, kupima na kufua

Merikani bado inauzwa katika maduka ya vitambaa, Majengo mjini Dodoma na kwingineko, na kaniki pia. Ugumu ni kupata pamba halisi. Chomoa nyuzi chache za mtande, zile za urefu, na chache za mshindio, zile za upana, uzichome kando kando. Pamba huwaka haraka, hunuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini la kijivu. Nyuzi za kiwandani hujikunja, huyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Choma pande zote mbili, kwa kuwa vipo vitambaa vyenye pamba upande mmoja na mchanganyiko upande wa pili, na muuzaji huenda mwenyewe hajui.

Kitambaa kipya kisichopaushwa kina wanga wa kiwandani, na kitarudi kikifuliwa. Kata mraba wa sentimita 30 kwa 30, uchemshe na sabuni nusu saa, uanike, upime. Ukibaki 28 kwa urefu wa mtande, unapoteza karibu asilimia 7, na hizo ziongeze kwenye hesabu ya mita kabla hujarudi dukani. Kisha kitambaa chote kilale usiku mzima katika maji baridi, kesho yake kichemshwe na sabuni, kianikwe bila kukamuliwa kwa kusokotwa. Anayeruka hatua hii ili kuokoa siku moja atashona kanzu inayofika kifundoni, na baada ya onyesho la kwanza na ufuaji wa kwanza itakuwa imepanda hadi katikati ya muundi, huku shingo ikiwa imekunjamana kwa sababu uzi na kitambaa havikurudi kwa kiasi kimoja.

Uzi nao uwe wa pamba. Wa kiwandani una nguvu kuliko kitambaa chenyewe na hukikata pale panapovutwa, hasa kwapani. Zaidi ya hapo, ukitia vazi rangi baadaye, uzi huo haushiki rangi na kila mshono unabaki mstari mweupe.

Kaniki ya kale ilitoka India, imetiwa nili hadi kuwa karibu nyeusi. Ya leo mara nyingi imetiwa rangi nyingine na huchuja. Wengi huiloweka kwenye chumvi au siki wakiamini zitaifunga rangi. Hazitaifunga, rangi ikishakuwa kwenye kitambaa zimechelewa. Loweka kwenye maji baridi, ubadilishe maji mpaka yatoke karibu meupe, kisha sugua kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Ikiendelea kuacha alama, ivaliwe peke yake na isikae juu ya merikani.

Kama kitambaa kina upana wa 150, kikate kwa urefu upate kipande cha 91, na ukingo uliokatwa ukunje pindo jembamba la nusu sentimita kwa sindano ya mkono. Kipande cha 59 kinachobaki kitatoa makaba, vikwapa na mishipi ya vichwani. Merikani mpya ina manjano hafifu. Iache hivyo au ianike juani juma zima, na kamwe usiipaushe kwa dawa ya klorini, inadhoofisha nyuzi na kuleta weupe wa shuka la hospitali.

Kanzu ndani ya doti moja

Kanzu ya mwungwana wa pwani, yule anayeongoza biashara au kushika bunduki katika msafara, ndiyo nguo inayohitaji fundi. Vipimo vifuatavyo ni vya mtu wa sentimita 170 mwenye kifua kisichozidi 95, kwa kitambaa cha upana wa 91 kilichokwisha kufuliwa. Kila mshono unakula sentimita 1.5 kila upande.

Kata urefu wa sentimita 286. Kutoka humo chana kipande cha upana wa 56 kwa urefu wote: hiki ni badani, kinapita juu ya mabega bila mshono, mbele 140, nyuma 140, na 3 za pindo kila mwisho. Unabaki na ukanda wa 35 kwa 286. Kwenye ukanda huo kata mikono miwili, kila mmoja 35 kwa 48. Kisha kata mstatili wa 35 kwa 120 na uuchane kwa mshazari kutoka sentimita 4 za kona ya juu hadi sentimita 4 za kona ya chini iliyo kinyume, upate taharizi mbili, vipande vya ubavuni, zenye kichwa cha 4 na chini 31. Inabaki 70 kwa 35, na humo zinatoka vikwapa viwili, miraba ya kwapani, vya 11 kwa 11 pamoja na kaba ya shingo. Doti kamili ina 366. Hata kitambaa kikirudi kwa asilimia 7 unakuwa na 340, kwa hiyo kanzu inatoka na kinabaki kipande kinachotosha kofia.

Mpangilio wa kushona una sababu zake. Shingo kwanza, kwa kuwa badani likiwa bapa mezani kazi ni rahisi. Tundu liwe na upana wa 14, na lisogezwe mbele sentimita 2 kutoka mstari wa bega. Likiwa katikati kabisa, kanzu huvuta nyuma na kumkaba mvaaji. Mpasuo wa mbele ushuke 22. Kaba ishonwe upande wa ndani, igeuzwe, na pindo lake lishikwe kwa mkono. Darizi kidogo ya uzi mweupe au mwekundu pembezoni mwa mpasuo inatosha. Nakshi nyingi za mashine za kanzu za sherehe za leo si za msafara.

Halafu mikono. Kila mkono una nusu yake 16 mbele na 16 nyuma baada ya mshono, ukiunganishwa ubavuni mwa badani katikati ya mstari wa bega. Usifunge mshono wa chini wa mkono hadi mwisho, acha sentimita 8 wazi karibu na mwili. Hapo ndipo kikwapa kinapoingia kwa kona: pande zake mbili zinazokutana zinashonwa kwenye kingo hizo za mkono, na mbili nyingine kwenye kingo za badani, mbele na nyuma. Taharizi inaanza kwenye kona ya chini ya kikwapa, sentimita 24 chini ya bega, na kushuka hadi pindo. Wanaoona kikwapa ni usumbufu huunganisha mkono na ubavu moja kwa moja, na matokeo yake yanaonekana mwigizaji anapoinua mkono kushika mzigo kichwani: kanzu yote inapanda, na mshono unapasuka siku ya pili.

Taharizi ina ukingo mmoja ulionyooka na mmoja wa mshazari. Kwa kuwa merikani haina uso wala mgongo, geuza moja ili kingo zote zilizonyooka zielekee mbele na za mshazari nyuma. Ukingo wa mshazari hunyooka kwa uzito wake, kwa hiyo ning'iniza kanzu usiku mzima kabla ya kukata usawa wa pindo. Aliyeharakisha atajua mwezi mmoja baadaye, pindo litakapoanza kwenda mawimbi nyuma.

Mashine si kosa. Mafundi wa pwani walikuwa nazo kabla karne haijaisha, na mishono mirefu ya ndani iliyokunjwa na kulazwa haionekani. Ila pindo, shingo na sijafu za mikono zishonwe kwa mkono. Kile kinachotazamwa kwa karibu ndicho kinachostahili jasho.

Kofia na kilemba

Kofia ya viua, yaani ya nakshi ya matundu madogo, ni kazi ya majuma, na makosa yake hayarekebishiki, kwa hiyo hesabu ifanywe mapema. Kwa kichwa cha 56, kofia iliyokamilika iwe na mzingo wa 57. Nakshi hukusanya kitambaa kwa sentimita 2 hivi, maungio yanataka 2 nyingine, kwa hiyo ukanda ukatwe 61 kwa 12, tabaka mbili. Duara la juu lenye mzingo wa 57 lina kipenyo cha 18.1. Kata tabaka mbili za kipenyo cha 21, na ulipunguze kufikia 20 baada ya nakshi, ukiwa umeupima ukanda uliokwisha shonwa. Anayekata duara kwa kipimo cha mwisho tangu mwanzo hupata duara dogo kuliko ukanda, na kofia inakaa na mikunjo juu.

Chora ruwaza kwa penseli laini. Shika tabaka mbili kwa mishono mirefu ya kuondolewa. Toboa kila kiua kwa msharasi, ukizisukuma nyuzi za kitambaa kando bila kuzikata, kisha zungushia uzi kwa mshono wa tundu la kifungo, mishono 14 hadi 18 kwa kila tundu. Tundu lililokatwa kwa mkasi linaonekana nadhifu siku ya kwanza, halafu nyuzi zilizokatika zinaanza kuchungulia kila ukifua. Ukanda na duara viungwe mwisho kabisa. Kofia za nakshi za mashine zinafaa kwa watu wa safu ya nyuma, mradi ziwe za pamba.

Kilemba huzungushwa juu ya kofia, na hapa merikani haifai kwa sababu ya unene wake. Tafuta melimeli au pamba nyingine nyepesi, upana wa 91 na urefu wa mita 4.5. Ilowanishe kidogo, ikunjwe kwa urefu hadi upana wa 15, bila kuipiga pasi. Anza juu ya sikio la kulia ukiacha mkia wa 30, zungusha ukipishana juu ya paji la uso, mzunguko mmoja ukiinama kulia na unaofuata kushoto. Urefu huo unatoa mizunguko sita. Mwisho uchomekwe nyuma. Kwa maonyesho, ukishafurahia umbo lake, lishike kwenye kofia kwa mishono iliyofichika sehemu nne, ili mwigizaji alivue na kulivaa kwa mkupuo mmoja. Usimvike kilemba kila mtu. Kilikuwa alama ya hadhi, na jukwaa lenye vilemba ishirini halina kiongozi.

Kirangozi na wapagazi

Kwa wengi mavazi ya msafara ni kanzu na kofia, na hapo wanakosa sehemu tamu kuliko zote. Burton ameacha maelezo ya kina ya kirangozi, mtu wa mbele aliyebeba bendera nyekundu ya Sultani wa Zanzibar. Alivaa joho jekundu la sufu, kipande chembamba chenye urefu wa futi sita, tundu la shingo katikati na vishada vikining'inia mbele na nyuma. Kichwani alikuwa na ngozi ya mbega mweusi na mweupe au ya paka pori iliyofungwa kooni na kushuka mabegani, na juu yake kikombe kirefu cha manyoya ya bundi au ya korongo taji.

Joho la aina hiyo linapatikana kwenye mitumba. Tafuta blanketi jekundu la sufu, na uhakikishe kwa kuchoma nyuzi: sufu hunuka nywele zilizoungua na kuzimika yenyewe. Chagua kubwa, maana utalifua kwa maji moto na sabuni huku ukilisugua, kisha kulitia maji baridi, mpaka lishikane. Linaweza kupoteza robo ya ukubwa wake. Likishashikana halichuji nyuzi likikatwa, na hapo unaweza kulichana vishada vya upana wa sentimita 4 kwenye ncha zote mbili bila pindo lolote. Kipande cha mwisho kiwe 183 kwa 50, mpasuo wa shingo 30.

Kuhusu ngozi na manyoya, Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kumiliki nyara bila kibali, na mbega na korongo taji wamo. Hakuna igizo linalostahili kesi hiyo, wala ndege huyo. Ngozi ya mbuzi mwenye mabaka meusi na meupe inatosha kabisa kwa mbali. Manyoya ya jogoo, ya mkia na ya shingo, yanatoa kikombe kizuri. Kusanya 50 hadi 60 yenye urefu wa 18 hadi 25. Yafue kwa maji vuguvugu na sabuni, yaanike kivulini, kisha yakae kwenye friza siku tatu ili viroboto wafe. Suka kikombe cha ukindu chenye kipenyo cha 9 na kimo cha 12, chini kikiwa na miguu minne ya ukindu ya kushonea kwenye kofia ya ngozi. Funga manyoya matano matano kwa uzi uliopakwa nta, anza na marefu katikati, na kila kifungu kishonwe mara mbili kwenye kikombe, juu na chini. Gundi peke yake haistahimili jua la Dodoma la saa nane mchana. Pima uzito: ukizidi gramu 400, kichwa kitayumba. Upepo wa Julai na Agosti utakionea chochote kisicho na ukanda wa kidevuni, kwa hiyo usiusahau.

Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, nao walijipamba. Walifunga kichwani ukanda wa shingo ya pundamilia wenye nywele zilizosimama, au mkia wa ng'ombe uliokakamazwa ukasimama wima kama pembe, na njuga miguuni. Mkia wa ng'ombe unapatikana machinjioni. Uchunwe, upakwe chumvi siku tano, ukaushwe juu ya kijiti kilichonyooka. Kwa shingo ya pundamilia tumia katani: pindisha nyuzi za sentimita 14 katikati, uzishone kwenye ukanda wa ngozi kwa safu mbili, uzikate usawa wa sentimita 6, na upake rangi nyeusi kwa vipande vya upana wa vidole viwili. Mwilini mpagazi alivaa shuka moja kiunoni na ngozi ya mbuzi begani. Mvua ikianza aliivua ngozi hiyo, akaikunja na kuiweka kati ya bega na mzigo, jambo ambalo mwigizaji akilifanya jukwaani linaeleza maisha ya njiani kuliko hotuba. Mzigo halisi ulikuwa ratili 70 hivi, karibu kilo 32. Wa jukwaani uwe na kilo 6 au 8. Ukiwa mtupu kabisa mwili unaonekana unadanganya.

Wenyeji wa nchi

Wagogo wa maigizo mara nyingi huvikwa ngozi peke yake ili waonekane wa kale. Si kweli kwa wakati wa misafara. Nchi iliyokusanya hongo ya nguo ilikuwa na nguo, na wageni waliopita waliliona hilo. Mtemi na watu wake wavae shuka za merikani na kaniki zilizofungwa begani, zenye kingo kamili, pamoja na ngozi kwa baadhi ya watu. Zipakwe udongo mwekundu kwa busara. Kwa mwili, changanya vijiko vitatu vya udongo uliochekechwa na kimoja cha mafuta ya nyonyo. Kwa nguo usitumie mafuta kabisa: udongo na maji yenye uji mwembamba wa unga, upakwe, ukaushwe, upigwe pasi upande wa ndani. Wenye mafuta utahamia kwenye kanzu ya mwigizaji wa jirani na hautoki.

Nywele zilisokotwa nyuzi nyuzi na kurefushwa kwa nyuzi za magome, zikining'inizwa mapambo ya shaba. Mtengenezee mwigizaji kofia ya pamba nyeusi iliyobana, kisha ushone nyuzi 150 hadi 200 za katani iliyotiwa rangi nyeusi, kila moja sentimita 30, ukianzia chini kisogoni na kupanda. Ukianzia juu, safu za chini hazitapata nafasi na ngozi ya kichwa bandia itaonekana kila akigeuka. Masikio yalitobolewa na kupanuliwa kwa vibuyu na vipande vya mti. Kwa mwigizaji asiye na tundu, kata pete ya kibuyu yenye mpasuo, ibane ndewe bila kuumiza.

Shanga ziwe za kioo. Samesame nyekundu na kanyera nyeupe zilikuwa miongoni mwa zilizotembea na misafara. Za plastiki zina mshono wa kalibu na hazina uzito, kwa hiyo hurukaruka mwigizaji akicheza. Waya mnene wa shaba ya manjano, masango, ulivaliwa mikononi na miguuni. Fito za shaba za kuchomelea, zisizopakwa dawa, zinafaa: zichome hadi ziwe nyekundu hafifu, uzitumbukize majini, kisha zizungushe kwenye chupa zikiwa laini.

Kabla ya kuvisha mtu vazi la Kigogo, zungumzeni na wazee. Chamwino, ambako tamasha la muziki wa Cigogo hufanyika, na vijiji vingine vya wilaya za Dodoma vina watu wanaojua nguo gani ni ya ngoma, ipi ni ya jando na ipi haistahili kuchezewa. Mila hii iko hai, na wenyewe wapo wa kuulizwa.

Kofia ya askari wa 1916

Maigizo ya Kondoa na Dodoma hufika pia kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia. Jeshi la Van Deventer, jenerali wa upande wa Waingereza, liliingia Kondoa Aprili 1916, Wajerumani wakashambulia Mei, na Dodoma ikatwaliwa mwishoni mwa Julai. Askari wa upande wa Wajerumani alivaa kaki na tarbushi iliyofunikwa kaki, nembo ya chuma ya ndege tai mbele na kitambaa cha kufunika kisogo nyuma. Baada ya meli kuzuiwa, pamba ilifumwa humu nchini na kutiwa rangi ya mmea wa ndaa iliyotoa kahawia ya manjano, kwa hiyo kikosi chenye kaki za rangi moja sawasawa mwaka 1916 kinatia shaka. Tia shati rangi kwa mafungu matatu tofauti.

Kosa la kila siku kwenye tarbushi ni kukata ukanda ulionyooka na kuubana juu. Chini unatoa mawimbi. Umbo linalopungua huchorwa kwa tao. Kwa mzingo wa chini 58, wa juu 46 na ubavu wa 14, gawanya 58 kwa tofauti ya 12, zidisha kwa 14: unapata 67.7, ambao ndio urefu wa kamba ya kuchorea tao la nje. Tao la ndani ni 53.7, na urefu wa tao la nje ni 58. Linganisha umbo na picha za wakati ule kabla ya kukata nyenzo ghali, urekebishe kimo. Fremu isukwe kwa ukindu mgumu, duara la juu lenye kipenyo cha 14.6 lishonwe kwa uzi wa nta, na kifuniko cha kaki kikatwe kwa tao hilo hilo ukiongeza 1.5 kila upande. Kitambaa cha kisogo, 30 kwa 22, kishikwe kwa vifungo vitatu ili kitoke. Tai ikatwe kwenye bati laini na ifungwe kwa waya kupita kwenye fremu, kwa kuwa kwenye kitambaa peke yake itainamia mbele.

Vazi likikamilika, mvaaji alitembelee saa nzima juani, achuchumae, abebe mzigo, apande kilima. Kasoro zote za kwapa, ukanda wa kidevu na pindo hutokea humo, siku kumi kabla ya onyesho na si katikati yake. Likishatumika, kaniki ihifadhiwe mbali na merikani, sufu na manyoya vifungwe na majani makavu ya mwarobaini, na masanduku yainuliwe kutoka sakafuni kwa matofali. Mchwa wa Dodoma wanaweza kumaliza gora zima la nguo msimu mmoja wa mvua.